Chumba Alichokuwekea Joel

Baba Rose,

Nimekaa na kalamu hii tangu tulipotoka kanisani, na neno la kwanza linalonijia ni lawama. Sitalificha. Tumeishi pamoja miaka mingi mno kwa mimi kuanza kukubembeleza leo eti kwa sababu umekufa. Nimekukasirikia. Jana mjukuu wako Joel alianza mechi. Si kuingia dakika za mwisho, la, kuanza na wale kumi na mmoja, beki wa kushoto, namba tatu yako ile ile, kwenye uwanja wa nyumbani kule kwao Uingereza. Na wewe hukuwepo. Usiniambie ni kifo peke yake kilichokuzuia, kwa sababu kifo kilikukuta ukiwa umejizuia mwenyewe kwa muda mrefu.

Nilisikiliza mechi yote. Simu niliiweka juu ya tangi la maji kama ulivyokuwa ukifanya, pale network inaposhika, nikavuta kiti chako karibu. Yule mtangazaji wa klabu yao bado anaongea kama mtu anayekimbizwa. Mimi Kiingereza chake nakifuata nusu, lakini jina la Joel nalijua, na kila lilipotajwa nilishika kiti. Wametoka sare, bao moja kwa moja. Joel alipewa kadi ya njano kwa kumvuta mtu jezi. Rose akaniambia baadaye kwamba yule winga alikuwa amempita na angefunga, kwa hiyo ilikuwa kadi ya akili. Nilijua ungesema hivyo hivyo.

Hapa Mwiki tuko. Besi ya kwaya imelegea tangu uondoke, wazee wawili waliobaki wanaimba kama watu wanaoombana ruhusa. Kumekauka, tunangoja mvua ya masika, na vumbi la barabara linaingia mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa. Nimegawa viatu vyako. Mashati sijagusa. Nilijaribu mara moja nikayarudisha kabatini, nikafunga mlango na kwenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Wajua, mimi niligundua nimeolewa na mpira kabla sijagundua nimeolewa na wewe. Unakumbuka uliponipeleka Chania kuona maporomoko? Wasichana wengine waliokuja pale na wachumba wao walikuwa wakiambiwa maneno matamu. Mimi niliambiwa habari za winga fulani aliyekuja na timu yake kucheza na timu ya kiwanda chenu cha nguo pale Thika, jinsi ulivyomfungia njia mpaka akaomba atolewe. Ulinionyesha kwa miguu, pale pale kwenye mawe, nikaogopa utateleza uanguke majini. Nikasema moyoni, huyu Mluhya ama ana wazimu ama ni mtu mkweli sana. Ulikuwa yote mawili. Na mimi, msichana wa Kikuyu kutoka Gatanga, nikaanza siku hiyo kuongea Kiswahili cha nyumbani kwetu, kwa sababu hukujua Kikuyu na mimi lugha yako sikuijua, na ndicho ninachokuandikia mpaka leo.

Rose alipoenda Uingereza kufanya kazi ya unesi tulidhani mpira umeishia kwetu. Kumbe ulikuwa unazunguka tu. Alipotuletea Simon wake, mimi nilikuwa na hofu kuliko wewe. Nilijiuliza, Mzungu atakaaje kwenye mambo ya mahari, na wazee wako wametoka magharibi na mabasi mawili, kila mmoja na fimbo na maswali? Lakini Simon alikuwa amefundishwa. Aliambiwa kwenu mkwe hamshiki mkono mama mkwe wake, na watu wa kwao, unavyojua, salamu ni kukumbatiana. Alisimama uani mikono ameiweka nyuma, akainamisha kichwa, masikio yamemwiva, akaniambia, "Habari, Mama." Hakunigusa siku hiyo, na hajanigusa mpaka leo. Kila akija, mikono nyuma.

Jioni hiyo uliniambia, "Mama Rose, huyu kijana ana adabu kuliko vijana wetu." Nilifurahi. Sikujua kwamba adabu yake ndiyo itakayokufunga miguu.

Maana kwenu pia baba mkwe halali chini ya paa moja na mkwe wake. Hilo nililijua tangu nilipoolewa, na halikunisumbua, kwa sababu wakwe wote niliowajua walikuwa na nyumba ya jirani ya kukulaza, ama jiko, ama kakibanda ka nyuma. Nani alifikiria kwamba mkwe wetu atakuwa na nyumba moja, katika mtaa mmoja wa Uingereza, imebanana na ya jirani ukuta kwa ukuta, na jirani huyo hatumjui hata jina?

Joel alikuja hapa mara ya kwanza akiwa na miaka minane. Alitoka kucheza na watoto wa mtaa pale nyuma ya shule, akarudi analia. Walikuwa wanampita kushoto na kulia kama kijiti kilichochomekwa. Ulimkalisha ukamwambia, "Usiangalie miguu. Miguu inadanganya. Angalia kiuno. Kiuno hakijui kudanganya." Nikatafsiri na Kiingereza changu cha ualimu wa nasari, na mtoto akashika neno moja tu, kiuno, akalisema siku nzima mpaka mgeni wa kanisa aliyekuja kutuona akaniangalia vibaya. Kesho yake alirudi uwanjani. Wiki ya pili wale wavulana walikuwa wanamwita wenyewe asubuhi, "Oya, mzungu, toka tucheze!"

Ulibadilika baada ya hapo. Ulianza kuishi kwa saa za Uingereza. Akademi kubwa ikamchukua, na kila Jumapili ulikuwa unangoja Rose apige simu useme, "Ehe?" halafu unyamaze. Wewe na simu! Mtu angedhani laini imekatika. Joel alizoea, akawa anaongea peke yake na wewe unapumua, na mwisho unasema, "Sawa, kijana," na kwenu nyinyi wawili hayo yalikuwa mazungumzo marefu.

Kisha ile akademi ikamwita yeye na mama yake ofisini akiwa na miaka kumi na sita, ikawaambia asanteni, kijana ni mdogo wa mwili, hatutaendelea naye. Rose alinipigia mimi kwanza, hakuthubutu kukuambia. Nilikupa simu. Ukamwambia Joel, "Hata mimi timu ya kiwanda ilinikataa mara ya kwanza. Kula ugali, urudi." Rose anasema wiki hiyo nzima mtoto aliomba ugali asubuhi na jioni, na Simon ndiye aliyejifunza kuusonga, ukawa na mabonge.

Klabu ndogo ikamchukua, ya daraja la nne, katika mji ambao hapa Mwiki hakuna aliyewahi kuusikia. Ikampeleka kwa mkopo kwenye timu ndogo zaidi, ambako kipa alikuwa fundi wa mabomba na kepteni alikuwa mwalimu wa hesabu. Alitwambia uwanja wao una mteremko kama wa pale shuleni kwetu, kipindi cha kwanza unapanda mlima, cha pili unashuka. Ulicheka mpaka ukakohoa, nikakuletea maji. Ulisema hapo ndipo beki anapofundishwa, kwenye matope na watu wazima, wala si kwenye nyasi zilizochanwa kama nywele.

Na wakati wote huo Rose alikuwa anakuita. Baba, njoo. Baba, njoo umwone hata mara moja. Mara ya kwanza ulisema utalala wapi. Simon akasema, tena kwa heshima, kwamba yeye atahamia kwa rafiki yake tukiwa pale. Ukasema, "Sasa nimfukuze mtu kwake?" Mara ya pili akasema atatutafutia hoteli karibu na uwanja. Ukasema, "Nipite mlango wa binti yangu nikalale hotelini, kama mtu asiye na watu?" Pasta alikuja akakueleza kwamba katika Kristo hakuna haya. Ulimtengenezea chai, ukamsindikiza mpaka stage ya matatu, ukarudi ukiwa pale pale.

Mimi nilikutania. Nilisema, Baba Rose, huyo Mzungu wako hata hatajua umevunja nini. Ukageuka ukaniangalia, na sitasahau ulivyosema. "Atajua. Yeye alishika ya kwetu wakati hakuna aliyemlazimisha. Nikivunja mimi mwenyewe, nitakuwa nimemfanya mjinga mbele ya ukoo." Hilo ndilo linaloniuma, Baba Rose, kwamba ulikuwa na haki. Ungekuwa mkaidi tu ningekusuta na tungeenda. Lakini ulikuwa unamheshimu mtu, naye anakuheshimu, na katikati ya heshima zenu mbili mtoto alikuwa anakua bila kuonwa na babu yake. Simon naye, Rose ameniambia juzi, alikuwa anaona aibu kusisitiza, akidhani akizidi kukuita atakuwa amekukosea. Kila mmoja alimngoja mwenzake kwa adabu. Ngai, Mungu wangu! Watu wazima!

Mwaka jana, katikati ya mwaka, Joel alitia sahihi mkataba wake wa kwanza wa kulipwa. Sasa ni mchezaji kamili, si mwanafunzi tena. Alipiga simu mwenyewe, na baada ya kutueleza akakuuliza kwa Kiswahili chake cha kuokota, "Kuka, wewe kulala kwa nyumba yangu, ni sawa?" Kuka, lile jina la babu ulilomfundisha mwenyewe. Nilikuwa nachambua mchele, nikaacha. Ukaangua kicheko ambacho sikuwa nimekusikia ukicheka tangu ujana.

"Kwa mjukuu? Kwa mjukuu nalala hata kitandani mwake, yeye alale chini!"

Kwani si kweli? Mjukuu na babu hakuna mwiko. Mjukuu anaweza kukuvuta ndevu na kula kwenye sahani yako. Miaka yote tulikuwa tunatafuta mlango wa kuingilia, na mlango ulikuwa unakua mbele yetu, tumngoje tu apate nyumba yake. Na alikuwa ameshafikiria. Kwa mkataba ule mdogo angeweza kukaa na wachezaji wenzake kama vijana wengine, lakini akapanga nyumba ya vyumba viwili, akanunua kitanda kirefu kwa sababu anajua urefu wako. Mama yake alimgombeza. Akajibu kwamba hicho ni chumba cha Kuka. Mpaka wenzake wa timu wakija kwake wanakiita hivyo kwa Kiswahili chao kilichopinda, na hakuna anayelala humo.

Ulinunua koti la mitumba pale Witeithie, zito kama blanketi, ukalivaa hapa uani jua la Septemba likiwaka, unatoka jasho, unauliza kama linakukaa. Nilikuambia unaonekana kama mlinzi wa benki. Tukapeleka maombi ya viza pamoja. Ulikuwa unahesabu mechi za nyumbani tu, za ugenini hukuzitaka, ulisema unataka kumwona akicheza mbele ya watu wake.

Kisha ukaanguka hapo mlangoni. Siwezi kuandika zaidi ya hapo. Tulikufikisha hospitali Thika ukiwa bado unanishika mkono, na jioni ukauachilia.

Tulikupeleka kwenu magharibi tukakuzika kando ya mama yako. Joel alikuja, akabeba jeneza pamoja na binamu zake, bega lake liko chini kuliko yao. Wiki tuliyorudi Mwiki ndipo viza zilipotoka. Zote mbili. Yako nimeiweka pamoja na kitambulisho chako. Sijui mtu hufanya nini na kitu kama hicho.

Mwezi uliofuata aliingizwa kwa mara ya kwanza, dakika chache za mwisho, beki mwenzake ameumia. Hukusikia. Lakini ngoja nikuambie alichofanya. Alipiga simu, akapiga namba yako. Nilipoipokea akasema, "Shosho," anavyoniita mimi bibi yake, "usiongee. Tafadhali weka simu kwa kiti chake." Nikaiweka. Akaanza kukueleza, kama kawaida yenu. Jinsi mpira wa kwanza aliupiga nje kwa hofu, mashabiki wakamzomea. Jinsi winga mmoja mrefu alimjia na yeye akaangalia kiuno, akauchukua. Mimi nimesimama pale nimeshika kanga mdomoni. Alipomaliza akangoja. Nilijua anangoja "Sawa, kijana." Baba Rose, nilitamani kulisema kwa niaba yako, na sikuweza, halikuwa langu. Baadaye akasema, "Okay, Kuka," akakata.

Sasa sikiliza, kwa sababu hili ndilo limenifanya nishike kalamu.

Mkataba wake ni wa mwaka mmoja. Unaisha msimu ukiisha, mwezi wa tano, na klabu haijamwambia neno. Kocha aliyempenda ameondoka. Jana amecheza vizuri, lakini Rose ananiambia mpira wa huko hauna shukrani, mtu anaweza kucheza vizuri Jumamosi na Jumatatu akaambiwa asante. Asipopewa mkataba mwingine atauacha ule mji na ile nyumba, na kile kitanda kitauzwa bila mtu wa kwetu kukilalia. Joel hajaniomba. Aliniuliza tu kwa upole, "Shosho, bado unayo ile viza?" Ninayo. Inaisha mwezi ujao.

Nikampigia kaka yako Wycliffe, kwa sababu wewe ungetaka nimpigie. Shemeji alinisikiliza mpaka mwisho, yeye si mtu mbaya. Akasema, "Mama Rose, unajua vile mambo iko. Mjane halali nje ya nyumba ya bwana yake mpaka tufanye makumbusho. Ngoja mwaka uishe." Nikasema makumbusho ni Oktoba, na Oktoba hakuna viza, labda hakuna hata nyumba. Akasema anajua, na pole sana, lakini hayo hakuyaanzisha yeye.

Nimekuwa na hilo wiki nzima. Nilikutii ukiwa hai, na watu wako nimewatii kuliko binti zao. Nilikaa msibani kama walivyotaka, nikanyoa, nikavaa walichonipa. Hakuna siku nimesema kwetu Gatanga hatufanyi hivi. Na nimeona utii ulivyotufanyia. Ulibaki hapa kwa heshima, na nilibaki na wewe, na tukamkosa mtoto wetu miaka kumi na tisa. Ningelia kama ingesaidia. Nimelia, na haikusaidia.

Kwa hiyo nimeamua, na nakuambia wewe kabla ya Rose. Nitaenda. Nitapanda ndege na haya magoti yangu. Nitavaa lile koti lako, linifike kwenye vifundo, wanicheke. Nitaketi kwenye ule uwanja mechi ya nyumbani, na Joel akikosea nitasema amekosea, sitamsifu bure, maana wewe hukumsifu bure. Nikirudi nitapita kwenu magharibi moja kwa moja, kabla ya kufika hapa, nikae kando yako nikueleze yote, kila mpira aliogusa. Hiyo ni ahadi.

Na shemeji na wazee watakapokaa kunihoji, na najua watakaa, wakiniuliza mjane alilala wapi siku hizo zote, sitaona haya na sitatafuta maneno. Pale pana chumba kimoja ambacho hakina mwenyewe mwingine, kila mtu katika ule mji anayekijua anakijua kwa jina lako. Nitawaambia nililala kwa mume wangu.

Pumzika, Baba Rose. Hasira itapungua, nipe muda.

Mimi wako,
Mama Rose